Jinsi ya Kukubaliana Misingi ya Kuiongoza Nyumba Yenu: Mwongozo kwa Wenzi na Familia

Wenzi wengi tayari wana misingi inayowaongoza, ila hawajawahi kuitamka. Kila mmoja amekuja na ya kwake kutoka nyumba aliyolelewa, na anaamini moyoni kwamba mwenzake anafuata hiyo hiyo. Siku za kawaida tofauti haionekani. Huonekana ndugu anapoomba mkopo mkubwa, kazi nzuri inapopatikana mji wa mbali, mzazi anapougua na hana wa kumtunza, au mtoto anaposhikwa na uongo na mmoja wenu anataka adhabu huku mwingine anataka mazungumzo. Hapo ndipo watu walioishi pamoja miaka mingi hutazamana kama wageni.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyazungumza hayo kabla siku hizo hazijafika, na kuyaandika kwa maneno machache mnayoweza kuyatumia kweli. Kazi nzima inataka vikao vitatu au vinne vya saa moja hivi, kwa muda wa mwezi mmoja. Msiimalize kwa siku moja, kwani mambo mengine hujitokeza mtu akiwa njiani au kitandani, siku mbili baada ya mazungumzo.

Naomba msomaji ashike jambo moja tangu sasa, kwa sababu kila hatua inaliegemea. Msingi una thamani pale tu unapowasaidia kuchagua kati ya mambo mawili ambayo yote ni mema. Hakuna nyumba inayohitaji karatasi ya kuikumbusha kwamba ukweli ni bora kuliko wizi. Mnapohitaji msaada ni pale kumsaidia ndugu kunapogongana na ada ya mtoto, au pale kupumzika kunapogongana na kipato.

Msingi, sheria na lengo

Vitu hivi vitatu huchanganywa, na mkivichanganya mtaishia na orodha ndefu isiyosomwa na mtu.

Lengo lina mwisho: kulipa deni lote kabla mwaka haujaisha. Likitimia, limekwisha. Sheria ya nyumba ni agizo dogo la kila siku: simu haziletwi mezani wakati wa kula. Msingi ndio unaozaa sheria hiyo: aliye nasi hapa anapewa nafasi kuliko aliye mbali. Kutokana na msingi huo mmoja mtapata sheria ya simu mezani, sheria ya kumpokea mgeni, na hata uamuzi wa mzazi kutojibu ujumbe wa kazini wakati mtoto anamsimulia ya shuleni. Watoto wakikua sheria zitabadilika, lakini msingi unaweza kubaki ulivyo.

Ukurasa mmoja wenye misingi mitano hadi saba unatosha. Mkizidisha, hakuna atakayeikumbuka siku ya mtihani, na siku hiyo hakuna anayekwenda kwanza kutafuta karatasi.

Kabla ya kuanza

Angalieni kwanza kama mazungumzo yenyewe yanawezekana. Ikiwa mmoja anamwogopa mwenzake, ikiwa kuna kipigo, vitisho, au fedha zote zimeshikwa na mtu mmoja ili mwingine asiweze kuondoka, basi mwongozo huu si dawa yake. Mtu mwenye hofu hakubaliani, anatii tu, na karatasi mliyoitia sahihi wote wawili huweza kugeuzwa kamba ya kumfungia. Hapo kinachotangulia ni usalama, na msaada wa mtu wa nje anayeaminika au wa taasisi inayoshughulikia ukatili wa nyumbani.

Kwa wengine wote, chagueni muda ambao hamna ugomvi unaofuka. Msikae usiku wakati mmoja anasinzia, wala asubuhi kabla ya kwenda kazini. Vikao vya mwanzo viwe vya wenzi wawili tu. Watoto wataingia baadaye, na wazazi, mashemeji na marafiki wabaki nje kabisa kwa sasa, hata kama ni watu wa busara.

Hatua ya 1: Kila mmoja aandike peke yake

Msianze kwa kuongea. Anayezungumza vizuri au anayetangulia kusema huvuta mazungumzo yote upande wake, na aliye mpole huishia kusema "hata mimi naona hivyo". Kila mmoja achukue karatasi yake, akae mahali pake, na ajibu maswali haya kwa maneno ya kawaida:

- Ni maamuzi gani matatu tuliyoyafanya pamoja ambayo hadi leo nayaona ni mazuri? Tulitanguliza nini, na tulikosa nini kwa ajili hiyo?
- Ni ugomvi upi unaorudi kila baada ya muda, hata tukidhani umekwisha?
- Ni jambo gani la nyumba niliyolelewa nataka liendelee, na lipi nataka likomee kwangu?
- Mwezi uliopita fedha zetu na saa zetu za mapumziko zilikwenda wapi hasa? Mtu asiyetujua akiona matumizi hayo tu, atasema tunathamini nini?

Swali la mwisho linauma kidogo, lakini ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mtu anaweza kuandika kwa dhati kwamba familia ndiyo ya kwanza, kisha akaona kwamba jioni zake zote zilikwenda kwingine. Lichukueni kama taarifa tu, wala msilitumie kuhukumiana. Pengine kazi inawalazimu, na basi jambo la kuzungumza ni kazi.

Angalieni pia kwamba hakuna swali linalosema "taja maadili yako". Nimeliacha kwa makusudi. Ukimuuliza mtu anathamini nini, atataja upendo, heshima, uaminifu na imani, na mwenzake atataja hayo hayo. Mtafurahi kwa dakika kumi kwamba mnafanana, na hamtakuwa mmejifunza chochote. Mwanasaikolojia Milton Rokeach, aliyechapisha mwaka 1973 orodha yake ya maadili 18 ya maisha tunayoyataka na 18 ya mwenendo, hakuwauliza watu wachague wanayoyapenda. Aliwataka wayapange kwa kutangulizana, la kwanza hadi la kumi na nane. Karibu kila mtu anayapenda yote. Watu hutofautiana katika mpangilio.

Hatua ya 2: Kusomeana

Kaeni pamoja, kila mmoja na karatasi yake. Mmoja asome jibu la swali la kwanza, mwingine asikilize. Msikilizaji anaruhusiwa kuuliza tu, tena maswali ya kutaka kuelewa: "Hilo lilianza lini?" "Ulijisikiaje siku ile?" "Ukisema heshima, mimi nikifanya nini unaona nimekuheshimu?" Hajibu hoja, hajitetei, hasahihishi kumbukumbu ya mwenzake. Akimaliza kuuliza, arudie kwa maneno yake alichokisikia, na msomaji athibitishe au arekebishe. Kisha wabadilishane.

Utaratibu huu huonekana wa kitoto mpaka mtu aufanye. Bila hiyo kanuni, sentensi ya tatu tayari mko kwenye ugomvi wa mwaka juzi.

John Gottman, mtafiti wa ndoa aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, alionyesha kwamba namna mazungumzo magumu yanavyoanza hutabiri kwa kiasi kikubwa namna yatakavyoisha. Yakianza kwa shutuma, kwa kawaida huishia kwa shutuma. Kwa hiyo mwenye kusema aanze na nafsi yake na jambo lenyewe. "Nilipata wasiwasi nilipoona akiba imepungua bila kujua sababu" inafungua mlango. "Wewe huwa hunijali" inaufunga.

Mmoja akiona moyo unaenda mbio, uso umepata joto, na hasikii tena anachoambiwa, asimamishe kikao. Gottman huyo huyo anashauri mapumziko ya angalau dakika 20, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kutulia. Dakika hizo zitumike kwa kutembea, kusali, kuoga au kusikiliza kitu, wala zisitumike kupanga majibu. Anayeomba mapumziko ndiye anayetaja saa ya kurudi, ili mwenzake asidhani ametoroka.

Hatua ya 3: Chimbeni chini ya madai

Hapa ndipo kiini cha kazi yote kilipo, na hapa ndipo wengi hupita haraka.

Mwaka 1981 Roger Fisher na William Ury, wataalamu wa majadiliano wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliweka wazi tofauti kati ya dai na haja iliyo nyuma yake. Dai ni kile mtu anachosema anataka. Haja ni sababu inayomfanya akitake. Madai mawili yanaweza kugongana kabisa huku haja zake zikiweza kukaa nyumba moja.

Chukueni mfano unaotokea katika nyumba nyingi. Mke anasema: tuweke akiba, tuache kuwatumia ndugu fedha kila mwezi. Mume anasema: siwezi kuwanyima ndugu zangu. Wakibaki hapo, kila mmoja atamwona mwenzake ama bahili ama mfujaji, na hakuna sentensi itakayowaridhisha.

Sasa aulizwe mke: akiba inakupa nini? Huenda atasema kwamba alipokuwa mtoto baba yake alikopa ili kuwasaidia watu, deni likawa kubwa, na familia ikahama nyumba. Anachokihofia hasa ni deni, na zaidi ya deni, kuamka siku moja na kukuta jambo kubwa limeamuliwa bila yeye kujua. Aulizwe mume: kuwasaidia ndugu kunakupa nini? Huenda atasema alisomeshwa na mjomba wake, na kila anapomkatalia ndugu anajiona msaliti wa mkono uliomlea. Haja yake ni kutimiza wajibu wa shukrani bila kuonekana amegeuka mtu mwingine baada ya kuoa.

Tazameni jinsi mambo yalivyobadilika. Mke hakuwahi kusema ndugu wasisaidiwe. Mume hakuwahi kusema wakope ili kusaidia. Kutokana na haja hizo mbili wanaweza kuandika: "Tunawasaidia ndugu kutokana na fungu tulilolitenga pamoja mwanzo wa mwezi. Fungu likiisha, tunasema hapana kwa pamoja, na hatukopi ili kusaidia." Mke amepata kinga dhidi ya deni na siri, na mume amepata njia ya kutimiza wajibu wake kwa heshima. Wote wamepata pia kitu ambacho hawakukiomba, nacho ni jibu la "hapana" ambalo halimfanyi mmoja wao kuwa adui wa ukoo.

Fanyeni uchimbaji huu kwa kila jambo lililojirudia katika karatasi zenu. Swali la kutumia ni moja: "Ukilipata hilo, litakupa nini?" Liulizeni mara mbili au tatu mfululizo, kwa upole, mpaka mfike mahali ambapo mwenzako anasimulia tukio, kwa kuwa haja ya mtu huwa imefichwa ndani ya kisa. Mambo yanayofaa kuchimbwa karibu katika kila nyumba ni fedha na madeni, muda na kazi, ndugu na wakwe, malezi na adhabu, imani na ibada, siri na faragha, mgawanyo wa kazi za nyumbani, na namna ya kugombana. Hilo la mwisho mara nyingi husahauliwa, ingawa ndilo linaloyalinda mengine yote.

Hatua ya 4: Pangeni kwa kugonganisha

Sasa mna mambo kumi au kumi na tano. Yaandikeni kila moja kwenye kipande chake cha karatasi, myaweke mezani mawili mawili, na mjiulize: yakigongana haya, lipi linapita? Ukarimu na akiba. Mafanikio ya kazi na muda wa nyumbani. Uhuru wa kila mmoja na umoja wa familia. Ukweli na kulinda hisia za mwenzako.

Msishangae mkiona kwamba baadhi ya jozi ni ngumu kuliko nyingine. Shalom Schwartz, aliyechunguza maadili katika nchi nyingi na kuchapisha nadharia yake mwaka 1992, aliyapanga maadili ya binadamu katika aina kumi zilizokaa kama duara. Yanayokaribiana hupatana kwa urahisi, na yanayotazamana kutoka pande mbili za duara huvutana. Usalama na mila huvutana na uhuru wa kujiamulia. Kujitafutia mafanikio na madaraka huvutana na kuwatendea wengine wema. Kwa hiyo mmoja anayetaka utulivu na mwingine anayetaka kujaribu mambo mapya hawana kasoro yoyote. Wamesimama katika sehemu mbili za duara lile lile, na nyumba inahitaji kuamua itaegemea wapi katika jambo gani.

Jibu la "inategemea" linakubalika, ila malizieni sentensi. Inategemea nini? "Kazi inapita muda wa nyumbani kwa miezi hii sita mpaka deni liishe, kisha tunarudi" ni uamuzi kamili. "Inategemea hali" ni kuahirisha ugomvi.

Hatua ya 5: Andikeni sentensi zenye gharama

Umbo linalosaidia ni hili: tunatanguliza jambo fulani, hata kama linatugharimu jambo jingine. Si lazima kila sentensi ifuate umbo hilo, lakini kila sentensi lazima iwe na gharama ndani yake.

"Tunathamini mawasiliano" haina gharama. "Hatulali na siri ya fedha: deni, mkopo au hasara inasemwa kabla ya siku kwisha, na anayeambiwa anasikiliza kwanza kabla ya kulaumu" ina gharama kwa wote wawili, na ndiyo maana itafanya kazi. "Tunaheshimu wazazi" haina gharama. "Wazazi wetu tunawasikiliza na kuwatunza, lakini uamuzi wa nyumba hii unatolewa na sisi wawili, na kila mmoja ndiye anayewaeleza wazazi wake" itawaokoa katika siku ngumu, hasa kipande cha mwisho. Kumtuma mwenzako awape wazazi wako habari wasiyoipenda ni kumjengea uadui usiomhusu.

Kila sentensi ipimwe namna hii. Kwanza igeuzeni: je, kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuishi kinyume chake? Kama kinyume chake ni upuuzi, basi hamjasema kitu. Kuna familia nzuri zinazofungua mlango kwa mgeni saa yoyote, na kuna familia nzuri zinazolinda jioni zao. Kwa hiyo kuchagua mojawapo ni msingi. Kisha ipelekeni nyuma: chukueni maamuzi matatu magumu ya miaka iliyopita mtazame kama sentensi hii ingewapa jibu. Kama haikugusa hata moja, ifuteni. Mwisho, someni kwa sauti. Mtoto wa miaka kumi aielewe bila kufafanuliwa, na isisikike kama barua ya ofisi.

Andikeni kwa "sisi". Sentensi ikianza na "mume ata..." au "mke ata...", mmehamia kwenye mkataba wa kazi. Unaweza kuwa na faida yake, lakini uwe karatasi nyingine.

Hatua ya 6: Unganisheni msingi na siku yenyewe

Msingi mzuri hushindwa kwa sababu ndogo sana: siku ya kuutumia, hakuna aliyekumbuka. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba nia inayoambatana na mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Basi chini ya kila msingi andikeni mpango mmoja wa namna hiyo, au miwili.

Ikitokea ndugu amepiga simu kuomba fedha, jibu la kwanza ni "nitazungumza na mwenzangu, nitakujibu kesho", hata kama fedha zipo. Ikitokea mmoja ametoa adhabu kwa mtoto na mwingine hakubaliani, hatumpingi mbele ya mtoto. Tunazungumza chumbani, na aliyetoa adhabu ndiye anayeirekebisha mwenyewe. Ikitokea ofa ya kazi yenye kuhama, hakuna anayejibu kabla ya siku saba.

Kwa fedha wekeni pia mpaka: kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutumia bila kuuliza. Kiwe sehemu ya kipato cha nyumba, ili kiongezeke na kupungua pamoja nacho, na kiwe sawa kwa wote wawili hata kama mmoja anapata zaidi au mwingine hana mshahara. Anayelea watoto nyumbani asigeuzwe mwombaji. Hilo naliona ni jambo la haki, na nyumba zinazolipuuza huja kulilipa baadaye kwa siri na manung'uniko.

Hatua ya 7: Waingizeni watoto

Wenzi mkishakubaliana, itisheni kikao cha familia. Daktari wa akili Rudolf Dreikurs, mfuasi wa Alfred Adler, alihimiza karne iliyopita kila nyumba iwe na baraza la familia linalokutana kwa utaratibu, ambamo mtoto naye ana neno. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Kupewa uzito hakumaanishi kuachiwa uamuzi. Mweleze mtoto tofauti hiyo mapema, kwa uwazi: "Hili mtaamua nyinyi, hili tutaamua pamoja, na hili tutawasikiliza kisha tutaamua sisi." Mtoto huumia zaidi akiulizwa kwa jina tu kuliko asipoulizwa kabisa.

Wasomeeni misingi, kisha waulizeni ipi hawaielewi na ipi wanaona nyinyi wenyewe hamuifuati. Jiandaeni, kwa sababu watajibu. Mtoto mdogo atasema, "Mnasema hatupigi kelele, lakini nyinyi mnapiga." Jibu sahihi ni kukubali, na kumwambia neno gani alitumie kuwakumbusha. Msingi unaowabana watoto peke yao ni amri tu, na wanaijua tofauti.

Kijana wa balehe anahitaji zaidi ya kusikilizwa. Anahitaji eneo lake. Mwachieni aandike msingi mmoja wa familia kwa maneno yake, na mumpe mambo anayoyaamua mwenyewe, mengine yakiongezwa kila mwaka. Ikiwa familia imeunganishwa na ndoa ya pili, nendeni polepole zaidi. Watoto wa kila upande wamekuja na misingi ya nyumba ya kwanza, na kuikataa mbele yao ni kama kumkataa mzazi asiyekuwepo. Anzeni na misingi miwili tu inayohusu kuishi chini ya paa moja, na mzazi wa damu abaki kuwa msemaji mkuu kwa watoto wake.

Mkikwama

Kuna mahali mtakwama. Gottman alikadiria kwamba asilimia 69 ya migogoro ya wenzi haiishi kabisa, kwa kuwa imetokana na tofauti za tabia na haja za kudumu. Wenzi wanaopatana nao wanayo, ila wamejifunza kuizungumza bila kudharauliana. Kwa hiyo msingoje kukubaliana kila kitu ndipo mwandike. Mambo mengine yagawanywe: kila mmoja awe na neno la mwisho katika eneo lake. Mengine yajaribiwe kwa muda maalumu, tuseme miezi mitatu kwa njia ya mmoja, kisha mkae mtazame. Na kwa mengine msingi wenyewe uwe kuhusu tofauti: "Katika imani hatulingani. Hatubezi ibada ya mwenzetu, na hatumtumii mtoto kumvuta."

Lakini yapo mambo yasiyogawanyika. Hakuna nusu ya mtoto. Ama mnapata mtoto mwingine ama hapana. Ama mnahamia nchi nyingine ama mnabaki. Katika hayo, kura ya wawili haina mshindi, na kumshinikiza mwenzako mpaka achoke si kukubaliana. Yapelekeni kwa mtu wa tatu: mshauri wa ndoa, kiongozi wa dini mnayemwamini wote, au mzee asiyeegemea upande. Wote wawili mridhie mtu huyo kabla hamjamwendea.

Na kama mwenzako hataki kabisa habari za karatasi? Usimfukuzie. Wengi wanaokataa wanaogopa kuhukumiwa, au wamewahi kuona maneno yao yakigeuzwa silaha. Mwambie unataka kuzungumza jambo moja tu, lile linalowasumbua nyote wiki hii, na mlipatie sentensi moja. Ikisaidia, ya pili itaombwa na yeye.

Msingi unapovunjwa

Utavunjwa, na pengine mwezi wa kwanza. Wekeni utaratibu wa kusema. Anayeona amekosewa ataje tendo na msingi, asitaje tabia ya mtu: "Tulikubaliana kusema deni siku hiyo hiyo, na hili nimelisikia leo." Aliyevunja aeleze kilichotokea, akiri, kisha wote wawili waulize kama tatizo ni mtu au ni sentensi. Ahadi ni deni, lakini wakati mwingine mlijitoza deni lisilolipika, na hapo kinachorekebishwa ni sentensi.

Kanuni moja isivunjwe hata mkiwa na hasira: misingi haitumiki kumshambulia mwenzako katikati ya ugomvi, wala haisomwi mbele ya wageni au ndugu. Siku mmoja atakapoichomoa karatasi kama ushahidi wa kesi, mwingine hataandika tena kitu cha kweli.

Kupitia upya

Kaeni baada ya mwezi mmoja, kisha mara moja kila mwaka katika tarehe mnayoikumbuka kwa urahisi. Kaeni pia maisha yanapogeuka: mtoto akizaliwa, kazi ikipotea, mzazi akihamia kwenu, ugonjwa wa muda mrefu ukiingia, au msiba. Mtu aliyefiwa au aliyeugua sana huweza kupanga mambo yake upya kabisa, na mwenzake asipoambiwa ataendelea kuishi kwa karatasi ya mtu ambaye hayupo tena.

Katika kikao hicho ulizaneni kwa kila msingi: tuliutumia lini mara ya mwisho? Ulimgharimu nani zaidi? Kama gharama imekuwa ikiangukia mtu yule yule mwaka mzima, msingi huo unahitaji kuandikwa upya hata kama unafanya kazi vizuri. Msingi ambao hakuna anayekumbuka kuutumia mwaka mzima, ufuteni. Andikeni tarehe kwenye nakala mpya, na ya zamani muiweke nyuma yake bila kuitupa, ili watoto wakiuliza kwa nini jambo fulani lilibadilika muweze kuwaonyesha lilivyokuwa na kuwaeleza sababu.